SUMU AO MAVI YA NYUKI? KUPIMA MBELE YA KUSHITAKI
(Somo la sayansi kwa madarasa ya juu)



Kila mwaka tunapoanza masomo ya kimia na biolojia, mwanafunzi mmoja ananyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, mambo haya yatatusaidia kitu gani inje ya mitihani?" Ni ulizo zuri. Leo nataka kulijibu kwa habari mbili za kweli.

Katika habari ya kwanza, wakubwa wa inchi moja walisema kama kuna sumu ya vita, lakini laboratwari ya jeshi lao wenyewe haikuiona. Katika habari ya pili, wakubwa wa inchi ingine walisema kama ni nyama mbovu tu, kumbe ilikuwa mikrobi iliyotoka katika nyumba ya jeshi, nayo iliua watu 66. Zote mbili ni juu ya kazi inayofanywa na majeshi mengi ya dunia: kutambua sumu na mikrobi za vita, na kuelewa zimetoka wapi. Tusome polepole.

I. SILAHA MBILI ZISIZOFANANA

Kwanza tutenganishe maneno. Silaha ya kemikali ni sumu. Haina uhai. Tarehe 22 mwezi wa 4, 1915, karibu na mji wa Ypres kule Ubelgiji, waaskari wa Ujerumani walifungua mitungi ya klorini. Upepo ukasukuma wingu la rangi ya kijani na manjano mpaka kwa waaskari wa Ufaransa waliokuwa katika mashimo yao. Wale waliona wingu, wakasikia harufu, wakaanza kukohoa na kukosa pumzi papo hapo. Sumu ya namna hii mara nyingi inajionyesha upesi.

Silaha ya mikrobi ni kitu kingine. Mikrobi ni hai. Inaingia kidogo sana, haina harufu, haionekani kwa macho, kiisha inaongezeka ndani ya mwili. Mtu anaipokea leo, anakula vizuri, anatumika, anasafiri, na siku nyingi nyuma yake ndipo anaanguka. Wakati ule munganga anauliza: "Ulipatia wapi ugonjwa huu?" Mgonjwa hajui.

Tangu 1915 majeshi yametafuta vyombo vya kuwaonya waaskari. Walitumia ndege wadogo katika vizimba, kwa sababu ndege anaanguka mbele ya mtu. Kiisha wakatengeneza karatasi inayogeuka rangi sumu ikiigusa, sawa ile karatasi ya asidi munayotumia katika kimia. Mwishowe wakatengeneza mashine zenye kengele. Lakini chombo chote kinaweza kudanganywa. Karatasi ile inaweza kugeuka rangi kwa mafuta mengine yasiyokuwa sumu ya vita. Katika vita vya Ghuba, mwaka wa 1991, kengele za waaskari wa Marekani zililia mara mingi sana. Jeshi lenyewe lilieleza kama moshi wa magari na vitu vingine vya kawaida vinaweza kuziliza.

Basi kengele ikilia, kazi haijaisha. Ndiyo kwanza inaanza.

II. MAULIZO MATATU

Ukiona moshi nyuma ya kilima, unajua kama moto uko. Lakini ni mtu anachoma shamba lake, ao ni nyumba inaungua? Na kama ni nyumba, nani aliiwasha? Hauwezi kujua ukibaki huku. Unapashwa kupanda kilima.

Watu wa laboratwari nao wana maulizo matatu, na wanayafuata kwa mpango:
1. Je, kitu kiko kweli?
2. Ni kitu gani?
3. Kimetoka wapi, na kwa njia gani?

Mtu anayeruka ulizo la kwanza na la pili na kukimbilia la tatu, huyo hafanyi sayansi. Anashitaki tu. Tuone sasa namna mambo yalivyokuwa.

III. MVUA YA MANJANO

Laos ni inchi ya Asia, jirani ya Vietnam na Tailandi. Katika milima yake kunaishi watu wanaoitwa Wahmong. Wakati wa vita vya Vietnam wengi wao walipigana upande wa Marekani. Mwaka wa 1975 wakomunisti walishinda, na waaskari wakaanza kuwafuata Wahmong huko milimani. Watu maelfu wakakimbia na watoto wao, wakavuka mto Mekong, wakafika Tailandi katika kambi za wakimbizi. Kambi moja kubwa iliitwa Ban Vinai.

Wakimbizi wale walileta habari ya kuogopesha. Walisema kama ndege zilipita juu ya vijiji, na vitone vya manjano vilianguka sawa mvua juu ya majani, mawe na nyumba. Kiisha watu wakaumwa: wengine walitapika, wengine wakaharisha damu, wengine wakakufa. Habari za namna hii zilitoka pia Kampuchea, ndiyo Kambodia.

Tarehe 13 mwezi wa 9, 1981, Alexander Haig, waziri wa mambo ya inje wa Marekani, alisema katika hotuba kule Berlin kama sasa ushuhuda umepatikana. Alisema ni sumu ya kuvu. Kuvu munaijua: mahindi na karanga zikikaa pahali penye majimaji zinaota kuvu, na mama zetu wanatukataza kuzila. Wana haki, kwa maana kuvu zingine zinatoa sumu kali. Marekani ilishitaki Warusi, yaani Umoja wa Kisovieti, kama ndio waliowapa rafiki zao sumu hii. Na ushuhuda wenyewe wa siku ile ulikuwa kitu gani? Jani moja na kijiti chake, kutoka Kampuchea.

Neno la mkubwa linatembea upesi. Toka 1969 Marekani ilikuwa imeacha kutengeneza silaha za kemikali. Wale waliotaka kazi ile ianze tena walipata sasa sababu ya kusema: "Munaona? Adui anazo, na anazitumia." Na kweli, mwaka wa 1987 kazi ile ilianza tena. Munaona namna jani moja linavyoweza kuwa na uzito.

Lakini katika laboratwari watu waliendelea kutazama vitone vile. Kule Porton Down, pahali serikali ya Uingereza inapofanyia utafiti juu ya silaha hizi, waliviweka chini ya mikroskopi. Waliona kitu ambacho hawakukitazamia: unga wa maua, ule ambao vitabu vinauita chavua. Ulijaa tele. Sasa unga wa maua unatafuta nini ndani ya sumu ya vita? Wengine kule Marekani walijibu kama adui aliuchanganya kusudi, ili sumu iingie vizuri katika mapafu.

Hapo Matthew Meselson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alifanya kitu ambacho kila mwanafunzi anapashwa kukifanya. Hakuona haya kuuliza wajuzi wa kazi zingine. Aliongea na Joan Nowicke, mjuzi wa unga wa maua, na Thomas Seeley, mjuzi wa nyuki. Unga ule ulitoka katika mimea ya pori za Asia kulekule. Tena, ilionekana kama vimbegu vyake vilikuwa maganda matupu: chakula cha ndani kilikuwa kimekwisha kutolewa. Nani anakula ndani ya unga wa maua na kuacha ganda? Nyuki! Tumbo lake linatoa chakula, lakini haliwezi kuvunja ganda. Na nyuki ni msafi, haendi choo ndani ya nyumba yake. Anatoka inje, anaruka juu, anaachilia mavi yake huko. Musicheke, jibu liko hapa. Mavi yale ni vitone vya manjano.

Mwaka wa 1984 Meselson na Seeley walisafiri mpaka Tailandi, wakafuatana na mjuzi wa nyuki wa inchi ile. Kule kuna nyuki wakubwa wa Asia wanaoishi makundi makundi, na masega yao yananingʼinia wazi chini ya matawi ya miti mirefu. Siku moja vitone vya manjano viliwaangukia wao wenyewe. Walitazama juu, hawakuona kitu. Nyuki walikuwa juu sana, macho hayakufika. Waliwaonyesha wakimbizi wa Ban Vinai majani yenye vitone vya nyuki. Wengi walisema: "Ndiyo, ni ile sumu." Kumbe haikuwa mara ya kwanza kwa jambo hili. Mwaka wa 1976, katika jimbo la Jiangsu kule China, mvua ya manjano ilianguka na watu wakaogopa. Wajuzi wa China waliipima, na mwaka wa 1977 waliandika kama ni mavi ya nyuki.

Na laboratwari ya jeshi la Marekani, iliyo Edgewood katika jimbo la Maryland? Ilipima sampuli nyingi, yaani vipande vidogo vilivyochukuliwa kwa kupimwa: majani, damu, vitu vya namna mbalimbali. Haikuona sumu ile ya kuvu. Wajumbe wa Marekani waliokwenda kuuliza mashahidi tena waliona kama wengi hawakuona kwa macho yao. Walisikia kwa wengine. Serikali ya Marekani haikufuta mashitaki yake waziwazi, na wako watu ambao mpaka leo hawakubali maelezo ya nyuki. Lakini kwa wajuzi wengi, vitone vile vinaeleweka.

Sasa sikilizeni vizuri. Je, Wahmong walikuwa waongo? Hapana! Walifukuzwa kweli, walipigwa risasi na mabomu kweli, waliumwa na njaa, malaria na kuhara katika pori, na watoto wao walikufa kweli. Mtu aliyefiwa anatafuta sababu, na kitone cha manjano kilikuwa pale juu ya jani mbele ya macho yake. Mateso yao yalikuwa ya kweli. Sababu waliyopewa ndiyo haikuonekana. Mwenye kosa ni yule aliyekuwa na laboratwari na hakungoja laboratwari iseme.

IV. UPEPO WA SVERDLOVSK

Tuvuke sasa upande wa pili, kwa wale walioshitakiwa. Sverdlovsk ni mji mkubwa wa Urusi katika milima ya Ural. Leo unaitwa Yekaterinburg. Mwezi wa 4, 1979, watu wa upande wa kusini wa mji walianza kuumwa homa, kukohoa na kukosa pumzi. Wengine walikufa kwa siku chache tu. Wanganga waliona kama ni kimeta, ugonjwa ambao vitabu vyenu vya Kifaransa vinauita "charbon", na ambao wafugaji wa ngʼombe na mbuzi wanaujua.

Ulizo la kwanza na la pili likajibiwa basi. Kitu kiko, na ni kimeta. Ulizo la tatu ndilo lilikuwa gumu. Serikali ilisema kama watu walikula nyama mbovu. Neno hili halikuwa la kijinga, kwa maana kimeta kinaweza kweli kumpata mtu kwa njia ya nyama. Mwaka wa 1988 wanganga wa Kisovieti walikwenda Marekani na kueleza vile mbele ya wajuzi, na Meselson yuleyule wa nyuki aliona kama maelezo yao yanaweza kuwa ya kweli. Lakini hakuacha kuomba ruhusa ya kufika pahali penyewe. Aliipata mwaka wa 1992, Umoja wa Kisovieti ulipokwisha kuvunjika. Mwaka uleule rais Boris Yeltsin alikubali kama kosa lilitoka kwa jeshi. Basi, je, neno la rais linatosha? Wajuzi walisema: twende tupime.

Walikuta mambo matatu.

La kwanza, miili. Polisi ya siri ilikuwa imechukua karatasi za hospitali. Lakini wanganga wawili waliopasua maiti mwaka ule, Faina Abramova na Lev Grinberg, walificha vipande vya miili na maandiko yao kwa miaka zaidi ya 10. Fikirini uhodari wao. Vipande vile vilionyesha damu imejaa ndani ya kifua, katika matezi yaliyo kati ya mapafu. Kimeta cha nyama kinaanzia tumboni ao kooni. Hiki kiliingia kwa pumzi.

La pili, makaburi na nyumba. Mama mmoja mjuzi, Jeanne Guillemin, alikwenda makaburini, akaandika majina na siku za kufa, kiisha akapita nyumba kwa nyumba. Alikaa na wajane na wazazi, akawauliza kwa heshima: alikuwa anaishi wapi? Alikuwa anatumika wapi? Siku zile alikuwa pahali gani mchana? Walipoweka majibu juu ya ramani ya mji, wengi wa wagonjwa walionekana katika mstari mmoja mwembamba, wa urefu wa kilometa 4 hivi, kutoka nyumba ya jeshi iliyoitwa Kambi 19 mpaka mwisho wa mji upande wa kusini. Watu watano waliishi mbali na mstari ule, lakini walikuja ndani yake kwa mafunzo ya jeshi yaliyoanza tarehe 2 mwezi wa 4. Wanyama nao walikufa katika vijiji sita mbele zaidi, mpaka kilometa 50 hivi, katika mstari uleule.

La tatu, upepo. Kila uwanja wa ndege unaandika upepo. Walifungua maandiko ya siku zile na kuona kama tarehe 2 mwezi wa 4, 1979, siku ya kwanza ya kazi, upepo ulivuma mchana kutoka kaskazini, ukiinama kwenda kusini-mashariki, kufuata mstari wa makaburi. Nyama haifuati upepo. Ngʼombe haitembei katika mstari kama uliopigwa kwa rula. Mbegu kavu za mikrobi zilitoka Kambi 19, zikapita hewani. Wajuzi walihesabu wagonjwa 77; kati yao 66 walikufa. Waliandika yote mwaka wa 1994, na Meselson aliweka jina lake juu ya karatasi iliyoonyesha kama maelezo aliyoyaona mazuri zamani hayakuwa kweli.

Na kumbukeni hili: mkataba wa kukataza silaha za mikrobi ulitiwa sahihi mwaka wa 1972, ukaanza kazi mwaka wa 1975, na Umoja wa Kisovieti ulikuwa ndani yake. Sahihi ilikuwa juu ya karatasi. Mikrobi ilikuwa ndani ya nyumba.

V. TULINGANISHE

Katika habari ya mvua ya manjano, mkubwa alisema "sumu iko", vitone vikasema hapana. Katika habari ya Sverdlovsk, mkubwa alisema "ni nyama", mapafu na upepo vikasema hapana. Mtu anayechukia Marekani atapenda habari ya kwanza tu. Mtu anayechukia Warusi atapenda ya pili tu. Lakini mikroskopi haina rafiki wala adui. Na Meselson, aliyeondolea Warusi mashitaki ya kwanza, ndiye aliyesaidia kuthibitisha ya pili. Ndiyo maana watu wanaweza kumsadiki.

Tuone tena: vyombo peke yake havikutosha. Kule Laos ilihitajika mjuzi wa nyuki. Kule Sverdlovsk ilihitajika mama wa kukaa na wajane na kuandika. Wewe unayesema "mimi si mtu wa hesabu", kazi yako iko pia.

VI. NA SISI?

Jambo hili liliwahi kufika kwetu Congo. Mwaka wa 1976, kule Yambuku, upande wa kaskazini, watu walianza kufa kwa homa na damu. Damu ya wagonjwa ilipelekwa Antwerp kule Ubelgiji, ikapelekwa Atlanta kule Marekani, na Porton Down, katika laboratwari ya mikrobi iliyokuwa wakati ule chini ya wizara ya ulinzi ya Uingereza. Wakaona virusi mpya, ikaitwa Ebola, jina la mto. Lakini kujua jina hakukutosha. Ilipashwa kuuliza ulizo la tatu: inapita wapi? Wakauliza familia kwa familia, wakajua: kwa sindano zisizochemshwa, kwa kugusa wagonjwa, kwa kuosha maiti. Njia ilipojulikana, iliweza kufungwa.

Na katika vijiji vyetu na mitaa yetu? Mtu anakufa kwa gafula, na mbele ya jua kuzama jina la jirani limekwisha kutajwa: "Alimulisha sumu." Mara ingine ni mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Watu wanachukua mawe. Sisemi kama sumu haiko duniani. Habari ya Sverdlovsk inatufundisha kama wakati mwingine mwenye kosa yuko kweli, tena anajificha. Nasema tu: nani aliuliza ulizo la kwanza na la pili? Nani alimwita munganga? Nani aliandika siku, chakula, na wengine waliokula pamoja? Jiwe likikwisha kutupwa, hata laboratwari ya Porton Down haiwezi kulirudisha.

Wewe uliyesoma, siku ile utakuwa kati ya watu. Unaweza kuwa kijana mdogo, sauti yako ndogo. Sema hata hivi: "Wazee wangu, kwa heshima yenu, tungoje kidogo, tuulize kwanza." Hapo utakuwa umejibu lile ulizo la mwanzo, juu ya faida ya kimia na biolojia inje ya mitihani.

MAULIZO YA KUJIPIMA
1. Eleza tofauti mbili kati ya silaha ya kemikali na silaha ya mikrobi.
2. Juu ya nini maganda matupu ya unga wa maua yalikuwa alama ya nyuki?
3. Chora ramani ndogo: nyumba ya jeshi, mstari wa wagonjwa, vijiji vya wanyama, na mshale wa upepo. Juu ya nini nyama haiwezi kueleza ramani hii?
4. Karatasi ya kupima imegeuka rangi. Andika mambo matatu ya kufanya mbele ya kusema "ni sumu".
5. Kwa kuzungumza darasani: Ni kosa gani kubwa zaidi, kushitaki bila kupima, ao kukataa kupima ili mtu asishitakiwe? Toa sababu zako.